Wembe wa Matanga

Wembe ulikuwa safi kupita kiasi, na hilo ndilo lililomuudhi Inspekta Nzilani.

Aliukuta ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda alichofia Mzee Otiende, umeviringishwa kwenye kitambaa cheupe. Vitu vingine vyote sandukuni vilikuwa vimechakaa kwa namna inayoeleweka: beji ya Reli iliyopauka, kitabu cha nyimbo kisicho na jalada, saa iliyosimama zamani. Wembe peke yake, ule wa kukunja waliotumia vinyozi wa zamani, ulimetameta kama sahani za arusi. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na Nzilani alitaka kumjua muundaji.

Alikuwa na sababu ya kuharakisha. Kesho asubuhi Kezia Mideva, mama wa makamo aliyekuwa akimpikia mzee, angepelekwa mahakamani Makadara kushtakiwa kwa mauaji. Mzee alikutwa kitandani Ijumaa asubuhi, amekufa, na daktari aliyeukagua mwili alisema alizibwa pumzi kwa mto. Mlango haukuvunjwa. Funguo za nyumba hiyo ya mtaani Umoja walikuwa nazo watu watatu tu: marehemu mwenyewe, mwanawe mkubwa Opiyo anayeishi Baba Dogo, na Kezia aliyelala chumba cha uani. Isitoshe, Kezia alikutwa na pete ya dhahabu ya marehemu mke wa mzee, ameifunga kwenye pindo la leso. Alipoulizwa akasema amepewa. Kituo kizima kilicheka isipokuwa Nzilani. Alikuwa amekamata wezi wengi, na hakuwahi kumwona anayeiba pete, akaacha redio na simu, kisha akaenda kulala uani kungoja polisi.

"Madam, hii kesi si imeisha?" Koplo Ndirangu aliuliza, ameegemea mlango. Alikuwa kijana mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa kufunga mafaili. "Huyo mathe alikuwa na ufunguo, alikuwa na pete. Tunatafuta nini ingine?"

"Natafuta kutu," Nzilani akamjibu.

Alikitandaza kitambaa juu ya meza ya dirishani. Katikati kulikuwa na doa la kahawia, alama ya kitu chenye kutu kilicholala hapo kwa miaka. Lilikuwa na umbo la wembe huohuo, urefu uleule, ila lilikuwa pana zaidi, na kwenye upande wa makali lilikuwa na pengo. Nzilani akaukunjua wembe kwa mkono wenye glavu, akaulaza juu ya doa. Mgongo wa wembe ulikaa sawasawa na mgongo wa doa. Kwa upande wa makali, doa lilibaki limechungulia nje. Wembe wenyewe haukuwa na pengo lolote.

"Niitie Clare," alisema.

Clare, bintiye marehemu, alikuja kutoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa karani katika ofisi moja ya mjini, mwanamke mpole aliyekuwa amelia mpaka sauti ikakauka. Alipouona wembe alisogea karibu, kisha akarudi nyuma.

"Huo ni wembe wa babu? Hapana. Wa babu ulivunjika."

"Ulivunjikaje?"

"Babu alikuwa anawanyoa watu wa Reli. Alipokufa, wembe ukabaki nyumbani, lakini sisi hatuutumii kunyoa ndevu. Unatoka sandukuni mtu wa nyumba hii akifa tu. Tukishazika, wafiwa wananyolewa nao. Mara ya mwisho ilikuwa kwa mama. Ulimponyoka mjomba, ukaanguka kwenye saruji, ukameguka hapa." Aligusa hewa juu ya makali. "Baba aliufunga hivyohivyo, ungali na maji. Alisema asiuguse mtu."

Nzilani alizaliwa Kaloleni, ukuta mmoja na familia za Waluo, kwa hiyo habari ya kunyolewa wafiwa haikuhitaji kufafanuliwa. Alichohitaji ni jambo dogo.

"Baba yako angeweza kuutengeneza mwenyewe?"

"Baba?" Clare alitabasamu kwa huzuni. "Mikono ilikuwa inatetemeka. Hata kikombe cha chai alishikiwa na Kezia. Labda ni Opiyo ametayarisha, kwa ajili ya Jumamosi tukizika. Yeye ndiye mkubwa. Ndiye anapanga kila kitu, hema, gari, jeneza. Sijui ningefanya nini bila yeye."

Alipokwisha kurudi jikoni, Nzilani alimgeukia Ndirangu. "Chumba hiki kimefungwa tangu lini?"

"Tangu Ijumaa asubuhi. Si tulikifunga mimi na wewe?"

"Na ufunguo?"

"Unao wewe."

"Basi aliyeurudisha wembe huu hapa aliurudisha kabla ya Ijumaa asubuhi. Wembe wa kunyolea waliofiwa umetengenezwa, umenolewa, umerudishwa mahali pake, na Mzee Otiende bado anakula ugali wake."

Ndirangu aliikuna shingo. "Inaweza kuwa ni huyo mathe. Alitaka kumfurahisha mzee, akampelekea kwa fundi."

Hilo lilikuwa wazo, na Nzilani hakudharau wazo lolote kabla ya kulipima. Walipita kituoni kwanza.

Kezia alikuwa amekaa sakafuni pembeni mwa seli, leso amejifunika mabega, miguu ameikunja kwa adabu kana kwamba yuko kanisani. Alitaka kusimama, Nzilani akamzuia kwa mkono.

"Mama Kezia, uliwahi kufungua sanduku lililo chini ya kitanda cha mzee?"

"Sanduku la mtu, afande? Mimi hata kitanda chake nilikuwa nakitandika nikiangalia kando."

"Na pete?"

"Alinipa. Nilisema alinipa." Aliinamisha kichwa. "Mchungaji alikuwa atutangaze Jumapili. Mzee alitaka tufunge ndoa kanisani, bila kelele. Alisema watoto atawaambia yeye mwenyewe."

Nzilani alihisi hasira ikimpanda, hasira ya kweli, kwa sababu neno hilo halikuwa mahali popote kwenye maelezo aliyokabidhiwa. "Kwa nini hukusema hivyo siku ya kwanza?"

"Nilisema. Yule aliyekuwa anaandika akacheka, akaniuliza kama nimejiangalia kwenye kioo. Nikaona heri ninyamaze."

Ndirangu aliangalia viatu vyake. Hakuwa yeye aliyeandika, lakini alikuwemo miongoni mwa waliocheka.

Mchungaji alijibu simu upesi. Ndiyo, mzee alikuja kwake na Kezia, wakaandikisha majina yao wenyewe, tena mzee akiwa amevaa tai. Hapana, hakuna polisi aliyemuuliza.

Kinyozi wa kwanza waliyemwendea, jirani na soko la Umoja, aliushika wembe kwa vidole viwili akacheka. Yeye anatumia mashine, na viwembe vya kutupa. Hajui kunoa kitu kama hicho, na hajui kinyozi wa rika lake anayejua. "Hiyo ni kazi ya wazee wa mawe," alisema. "Wale wanaonolea mafundi wa mbao, Gikomba. Huko hata ukipeleka meno yako watayanoa."

Gikomba walilazimika kushuka garini na kutembea, wakikwepa mikokoteni ya marobota ya mitumba na kurukia vijito vya maji ambayo hakuna aliyeuliza yanatoka wapi. Kwa mafundi wa vitanda walielekezwa kwa Mzee Githinji. Alikuwa amekaa kwenye kibanda cha mabati, bakuli la maji kando yake, vinoo vimepangwa juu ya gunia kuanzia cha kukwaruza hadi cha kulainisha, na mkanda mpana wa ngozi umening'inia kwenye msumari. Macho yake yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe. Alikuwa ananoa patasi na kumtukana mwenye patasi, aliyekuwa amesimama palepale.

"Ngoja zamu yako," alimwambia Nzilani kabla hajafungua mdomo.

"Mimi ni Inspekta Nzilani, Mzee. Polisi."

"Hata polisi wana zamu. Huyu amekuja kwanza."

Walingoja. Mwenye patasi alipoondoka, Nzilani aliufungua mfuko wa ushahidi, akamwekea mzee glavu mkononi, kisha wembe. Githinji hakujisumbua kuuangalia. Alipitisha kidole gumba mgongoni, akagonga ubapa kwa ncha ya kidole, akausikiliza.

"Huyu ni mtoto wangu," alisema. "Ngai! Nani amemfanya mtoto wangu kuwa kesi?"

"Una uhakika ni wako?"

"Madam, hapa Gikomba kuna watu wa kunoa kisu cha sukuma wiki, na kuna mimi. Wacha nikuambie. Hii ililetwa ikiwa na pengo hapa katikati, na kutu kama bati la choo. Mpini ulikuwa umepasuka. Hawa vijana wa mashine wangeiweka kwenye gurudumu, cheche, moto, na chuma kimekufa. Chuma kikipata moto kinalegea, hakishiki makali tena hata ukikiombea. Mimi nilitoa kutu na msasa na mafuta ya taa, polepole. Halafu nikasaga kwa jiwe na maji, mkono tu, nimelaza mgongo wake chini hivi, mpaka chuma chote kikashuka usawa wa pengo. Huwezi kuziba pengo la wembe. Unashusha kila kitu kingine mpaka pengo liishe. Ndiyo maana imekuwa nyembamba. Na mpini ni pembe ya ng'ombe, nimechonga mwenyewe."

"Nani alikuletea?"

"Mwanaume. Mtu mzima, anaongea pole pole kama watu wa ofisi."

"Ungemwona tena ungemjua?"

"Kumwona na nini? Haya macho yana mtoto wa jicho, nangoja kuitwa hospitali. Mimi naona na vidole."

Ndirangu alishusha pumzi. Nzilani hakukubali kushusha yake. "Alisema wembe ni wa nini?"

"Wa matanga. Alikuja Jumatatu ya wiki iliyopita, akasema, 'Mzee wetu ametuacha, nataka iwe tayari kabla ya kuzika.' Nikamuuliza mzee gani, akasema baba. Nikampa pole. Hata niliweka randa za watu kando nikaanza na yake, juu mwenye msiba hangojeshwi. Jumatano jioni akachukua."

"Ulipompa pole alijibu nini?"

"Alijibu vizuri. Alisema asante, ni kazi ya Mungu."

Nyundo za mafundi wa vitanda ziliendelea kugonga upande wa pili wa mabati. Ndirangu alikuwa amesimama wima sasa, hajaegemea kitu. Alhamisi jioni, nusu ya majirani walimwona Mzee Otiende kwenye kiti chake mlangoni, anakula mahindi ya kuchoma na kubishana juu ya mpira. Kuna mtu aliyepokea pole ya baba yake aliye hai, akasema asante.

"Inaweza kuwa alitumwa na mzee mwenyewe," Ndirangu alisema, lakini kwa sauti ya mtu asiyejiamini.

"Mzee amtume mtu akaseme mzee amekufa?" Nzilani alimrudia Githinji. "Fikiria vizuri, Mzee. Alipokuja kuchukua, kuna kitu chochote kilichotokea? Chochote."

"Hakuna. Alikuwa na haraka tu. Alitaka kukimbia bila kuonja."

"Kuonja?"

"Kuonja makali!" Githinji alishangazwa na ujinga huo. "Hakuna wembe unatoka hapa bila kuonja, na siuonji kwa mkono wangu, naonja kwa mkono wa mwenyewe. Nashika mkono wa kushoto, hapa juu ya saa, natoa nywele kiasi cha kiberiti. Ukivuta hata unywele mmoja, silipwi. Yeye ati hapana, anachelewa. Nikamwambia haraka haraka haina baraka, leta mkono. Nilinyoa mara moja tu, fyuu. Ana nywele kama mbuzi, huyo."

Nzilani alimshukuru kwa mikono miwili, akamwambia atatumiwa gari aje kuandikisha maelezo. Githinji alisema atakuja akimaliza zamu.

Umoja walikuta hema limekwisha kusimamishwa mbele ya nyumba na vijana wakishusha viti vya plastiki. Opiyo alikuwa katikati yao, simu sikioni, akielekeza kwa kidevu kila kiti kiende wapi. Alikuwa mwanaume mnene wa miaka arobaini na kitu, msimamizi wa ghala Industrial Area, aliyezoea kusikilizwa. Jua lilikuwa kali na vijana wote walikuwa vifua wazi au wamevaa fulana. Opiyo alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mirefu, na vifungo vya mikononi amevifunga.

"Bwana Opiyo, dakika chache ndani," Nzilani alisema.

"Madam, unaona kazi iliyopo. Wazee wanakuja jioni."

"Naona. Dakika chache."

Sebuleni Clare alikuwa anapanga vikombe mezani. Alitaka kutoka, Nzilani akamwambia abaki. Ndirangu alisimama mlangoni. Nzilani aliuweka mfuko wenye wembe katikati ya vikombe.

"Unaujua huu?"

Opiyo aliutazama kidogo tu. "Wembe wa babu. Ulikuwa wa baba kuutunza."

"Mara ya mwisho kuushika ni lini?"

"Tulipomzika mama. Hata huko sikuushika, nilinyolewa nao tu."

"Kunja shati mkono wa kushoto."

"Ati nini?"

"Mkono wa kushoto, Bwana Opiyo. Mpaka kwenye kiwiko."

Alimwangalia Ndirangu kana kwamba mwanaume mwenzake atamtetea. Ndirangu hakupepesa jicho. Basi akafungua kifungo, akakunja. Mkono ulikuwa na nywele nyingi nyeusi, na juu ya saa palikuwa na kipande cha mraba, kiasi cha kiberiti, ambapo nywele zilikuwa ndiyo kwanza zinachomoza, fupi kama ndevu za juzi.

"Niliungua kazini," Opiyo alisema. "Wakanyoa ili wapake dawa."

"Kovu liko wapi?"

Opiyo alikunjua shati taratibu, akafunga kifungo, na alipoinua uso alikuwa ameshapata maneno mengine. "Sawa. Niliupeleka mimi. Mzee alikuwa mgonjwa na mimi ndiye mkubwa. Mtoto mkubwa anajitayarisha mapema. Kujitayarisha ni kosa?"

"Si kosa. Ungemwambia fundi unajitayarisha, ningekuwa nimeshaondoka hapa. Ulimwambia baba amekufa. Alikupa pole ukaipokea. Ukasema ni kazi ya Mungu, Jumatatu, na baba yako akaishi mpaka Alhamisi."

Kikombe kilimponyoka Clare mkononi. Hakikuvunjika, kilibingirika tu chini ya kiti, na hakuna aliyekiokota.

"Kuna jambo moja lilikuwa linanisumbua njia nzima," Nzilani aliendelea. "Mtu anayepanga kuua anaficha kila kitu, na wewe ukaenda kumpa mgeni habari ya matanga. Kwa nini usiuache wembe na pengo lake, ukanunua kiwembe dukani? Halafu nikakumbuka nilikozaliwa. Wafiwa wakinyolewa ovyo, mkubwa wa nyumba ndiye anayeangaliwa. Una watoto. Ulitaka kumuua baba yako, lakini hukutaka kukosea chochote kwenye mazishi yake. Wewe uliogopa chira, laana ya kuvunja mila, kuliko jela."

"Na kwa nini nimuue baba yangu?" Opiyo alisema, na sasa ile sauti ya ofisini ilikuwa imemtoka. "Hebu niambie. Mtu aliyenisomesha!"

"Kwa sababu Jumapili mchungaji alikuwa atangaze ndoa yake na Kezia. Akishaoa, nyumba hii ina mama mwingine. Akifa kabla, na Kezia akafungwa, imebaki yenu."

"Ndoa! Mimi sijui habari ya ndoa. Huyo mwanamke amekudanganya."

"Unajua," Clare alisema.

Wote waligeuka. Alikuwa amesimama na mikono yake mitupu mbele yake.

"Unajua, Opiyo. Baba alinipigia simu mimi kwanza kwa sababu alikuogopa. Mimi ndiye niliyekuambia. Ulisema ni vizuri, mzee apate wa kumpikia chai. Alipokufa ukaniambia baba alikuwa amebadilisha nia, amemkataa Kezia, ndiyo maana akamuua. Ukaniambia nisiseme habari ya ndoa mbele ya polisi, ni aibu kwa baba. Na mimi nikanyamaza. Wamemweka ndani na pete yake, na mimi hapa napanga vikombe!"

"Clare, nyamaza."

"Nimenyamaza vya kutosha."

Opiyo akacheka kidogo, bila furaha. "Wewe ulitaka ningoje mpaka lini? Vile vyumba vya nyuma mama alivijenga kwa kuuza samaki. Alikuwa anarudi hapa usiku ananuka samaki, miaka yote ile, mpaka akafa. Halafu mpishi aje akae kwenye kiti chake? Avae pete yake? Nilimwomba mzee. Nilimwomba usiku uleule wa Alhamisi, nimepiga magoti pale kitandani. Akaniambia nimeshakuwa mkubwa."

Alijua amekwisha kusema yote. Ndirangu alimsogelea na pingu. Nzilani alimsomea haki zake, neno kwa neno, polepole, kwa sababu hii ilikuwa kesi ambayo hakutaka wakili yeyote aipatie tundu. Opiyo alitoa mikono bila ubishi. Nje viti vilikuwa vimeacha kugongana. Vijana walikuwa wameshaona kupitia dirisha.

Karibu na mlango alikataa kwenda mbele. Hakuwa anapigana. Alikuwa anaangalia lile hema, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na hofu.

"Mimi ndiye mkubwa," alimwambia Clare. "Nikienda, nani atamzika baba?"

"Mke wake," Clare akasema.

Alipita mbele ya kaka yake bila kumgusa, akachukua mkoba wake juu ya kiti, akamgeukia Nzilani. "Niambie yuko seli gani. Nataka nimtoe mimi mwenyewe."